Kiapo Nilichomtafsiria Mama

Nianze na jambo ambalo watu hawaliamini: mdogo wangu hakula hata mfuko mmoja wa simenti. Karibu kila Mtanzania niliyekutana naye Texas ana kisa cha ndugu aliyekabidhiwa ujenzi akajenga chake, na nikitamka tu "nyumba yangu ya Morogoro" wasikilizaji huanza kutikisa vichwa kabla sijafika popote. Kisa changu si hicho. Mdogo wangu alisimamia kila tofali. Alinitumia picha ya msingi, ya lenta, ya bati la kwanza, na siku fundi alipopachika fremu ya mlango ikakaa upande, yeye ndiye aliyegombana naye mpaka ikang'olewa. Nyumba ikasimama Kihonda, madirisha ya mbele yakitazama milima, na mama akahamia. Nilimsifu ndugu yangu kwenye kila sherehe niliyoalikwa, na mimi nikisifu mtu husikika hadi kwenye maegesho ya magari.

Kwa hiyo sikuibiwa na mwizi. Mwizi ningemtukana, nikalala.

Marekani nililetwa na ndoa. Mume wangu wa wakati huo ndiye aliyeshinda bahati nasibu ya viza, mimi nikaja kama mke wake, na baada ya miaka miwili kila mtu akashika njia yake. Yeye akaelekea kaskazini kwenye theluji, mimi nikabaki Dallas na sanduku moja na rafiki mmoja. Rafiki huyo ni Mkenya mwenye maneno makali, na wakati ule alikuwa na gari bovu. Alinipa chumba kwenye nyumba yake ya kupanga Vickery Meadow, ghorofa ya pili. Chini yetu walikaa Wakongo walioimba mapambio kuanzia Jumamosi mchana. Majirani wa mlango wa kushoto walitoka Burma, na walipanga ndala zao nje kwa ukubwa, za baba mpaka za mtoto wa mwisho. Treni haifiki Mesquite, na Mesquite ndiko kulikokuwa na kazi, basi alfajiri tuliingia kwenye gari bovu tukiomba liwake, tukaenda kusimama kutwa nzima ghalani tukifungasha mito na mashuka.

Sasa niseme la aibu. Kidato cha nne nilipata sifuri. Aliyesoma Tanzania hahitaji maelezo: matokeo yanabandikwa ukutani, jina lako liko pale na namba yako, na kuanzia siku hiyo kila mlango unaoubisha unadai cheti. Nilitua Dallas nikiamini kwamba mimi ni mjinga, kwa kuwa serikali ilishanipima ikathibitisha.

Rafiki yangu hakutaka kuisikia habari hiyo.

"Wewe utakaa hapo uki-pack mapillow mpaka lini?" aliniuliza siku moja tukiwa kwenye foleni ya barabara kuu. "Kuna class ya jioni pale library, na ni free. Enda u-register."

"Mimi nilifeli."

"Ulifeli huko. Hapa nani anakujua?"

Nikaenda. Kwenye meza ya uandikishaji alikaa mama wa Kimarekani, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nikamweleza habari ya sifuri, nikijikanyaga kwa Kiingereza changu cha ghalani, nikaeleza na miaka yangu, thelathini na mitatu, nikaeleza na ndoa iliyovunjika ingawa hakuna aliyeniuliza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja: ningependa kuanza na hesabu au na Kiingereza? Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nikasema hesabu, akaandika, akanipa penseli na karatasi ya ratiba. Nilitoka nje nikalia kando ya lile sanduku la kurudishia vitabu, na mzee mmoja aliyekuja kurudisha kitabu chake akaniuliza kama niko salama.

Nilirudia sekondari, nikaingia chuo, nikasomea uuguzi. Niliposhika leseni yangu nilihamia Houston kwa sababu hospitali moja ya huko iliniita, nikapanga Alief, baadaye nikasogea upande wa Sugar Land ambako usiku ni kimya na majani yanakatwa kila wiki hata ambapo hakuna anayepita. Ndiyo maana naipenda nchi hii. Si kwamba sina macho. Naona bili, na nimewashika mikono wazee wanaokufa peke yao kwenye mashuka meupe pepe huku watoto wao wakipiga simu kuuliza tu kama imekwisha. Lakini nchi iliyonipa penseli bila kunidai cheti, siwezi kukaa kimya ikisemwa.

Na inasemwa sana. Watanzania wa Houston tukikutana, sahani za karatasi zikishajaa nyama na pilau, huanza mashtaka dhidi ya Marekani, na mimi huwa wakili wa utetezi.

"Haya, balozi kaamka," watasema.

"Nimeamka. Mbona hamrudi, kama ni pabaya hivyo?"

Hapo kelele huanza. Nilikuwa na bendera ndogo ya Marekani kwenye kibaraza changu, na nilipenda watu waikute wanapokuja kunisalimia, hasa wale walionichekea.

Miaka ilipotimia nikawa na haki ya kuomba uraia. Aliyenisukuma kuliko wote alikuwa mdogo wangu. Yeye ni wa mwisho kwa mama yetu. Nimembeba mgongoni, nimempangusa makamasi, nimempigania shuleni na watoto walionizidi umbo. Mpaka sasa sauti yake kwenye simu hunifanya nitabasamu kabla sijajua anataka kusema nini.

"Dada, chukua uraia," alikuwa akiniambia. "Usikae na hizo kadi kadi za ukaazi, siku moja watakugeuka."

"Nani atanigeuka?"

"Si hao hao Wazungu wako. Chukua upate amani. Sisi huku tutajidai mtaani."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi nikitafuta ndoano ndani yake, na sijaipata. Huenda haikuwepo. Huenda alinitakia mema matupu, na hilo linaniuma zaidi kuliko kama angekuwa na hila tangu mwanzo.

Sheria ya kwetu niliijua. Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili: ukila kiapo cha nchi nyingine, ya kwanza umeiacha, na asiye raia hamiliki ardhi. Hakuna Mtanzania wa nje asiyeijua, ni mada ya kila mkusanyiko. Ila tuliijua kama tunavyojua kwamba chumvi nyingi si nzuri. Unajua, na mkono unaendelea kunyunyiza. Niliona ni habari ya pasipoti, ya kulipia viza nikienda nyumbani, ya kusimama kwenye mstari mwingine pale uwanjani. Sikufikiri kwamba inaweza kuingia mpaka Kihonda, ikavua viatu, ikakaa sebuleni.

Rafiki yangu Mkenya alinionya. Yeye alikuwa ameshakula kiapo Dallas mwaka mmoja kabla yangu.

"Sisi tunaruhusiwa zote mbili," alisema. "Nyinyi je? Umeuliza kwenu, ama unaenda tu?"

"Kwetu ni kwetu. Nani atanifuta?"

"Sijui. Lakini nyinyi Watanzania mna upole mwingi. Mnaweza amka siku moja mmefutwa na hakuna mtu amewaambia."

Tulicheka. Nilikuwa nakariri yale maswali mia ya historia na serikali, nikiyasema kwa sauti ndani ya gari, nikiyasema nikimbadilishia mgonjwa shuka. Wagonjwa wawili watatu walinisaidia, na mmoja wao hakujua majibu, akaona haya, akaniomba nimfundishe.

Siku ya kiapo rafiki yangu aliendesha gari kwa saa nne nzima kutoka Dallas kuja kunishuhudia, akavaa gauni la kitenge kana kwamba ni harusi. Ukumbi ulikuwa mkubwa wa kuchezea mpira wa kikapu, umejaa watu wa kila rangi na kila aina ya kilemba, na kila mmoja alikuwa na bahasha yenye maneno ya kiapo. Jaji alituomba tusimame nchi kwa nchi. Ilipotajwa Tanzania tulisimama wanne. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. Nikanyoosha mkono, nikayasema maneno yote, na sitasema uongo leo kwa sababu nina uchungu: niliyasema kwa moyo wangu wote. Nilikuwa namfikiria yule mama wa miwani.

Tulipotoka nje mama akapiga simu. Alikuwa ametazama vipande vya video kwenye kundi la familia, na alitaka kujua jambo moja.

"Sasa mwanangu, hapo mlipoinua mikono, mmeapishwa nini?"

Mama yangu shule yake iliishia darasa la pili. Kiingereza hakijui kabisa. Nikaona nimfanyie kitu kizuri. Nikaketi ndani ya gari na ile bahasha, nikamrekodia kiapo chote kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine, polepole, kama mwalimu. Nikatafsiri kwamba ninaachana kabisa na utii wangu kwa nchi niliyokuwa raia wake, kwamba ninaukana, kwamba nitailinda Marekani na maadui wote, kwamba nimelichukua jukumu hili kwa hiari yangu bila kushurutishwa. Nilitafuta maneno mazuri. Neno "kuukana" nililifikiria kidogo, nikaona linafaa. Kisha, kwa kuwa sina kawaida ya kunyamaza pale wengine wanaponyamaza, nikaongeza la kwangu. "Basi mama, kuanzia leo mimi ni Mmarekani kamili. Tanzania nimeshaivua!" Nikacheka, rafiki yangu akacheka pembeni yangu, na kicheko chetu kikaingia kwenye rekodi. Nikaituma kwenye kundi.

Mama alijibu kwa vigelegele, virefu, mpaka simu ikakwaruza. Mdogo wangu akaandika: Hongera Mmarekani wetu.

Mwaka uliofuata wapimaji wakafika mtaani kwetu. Mitaa kama ule, ambako watu wamejenga kwa karatasi za kuuziana zilizopigwa muhuri na serikali ya mtaa, sasa inarasimishwa: kila kiwanja kinapimwa, kila mwenye kiwanja anapewa hati. Ni jambo jema, nililifurahia. Mdogo wangu akanipigia akasema wanataka namba ya kitambulisho cha taifa cha mmiliki.

"Wewe huna, dada."

"Sina. Basi weka jina la mama."

"Nilifikiri hivyo hivyo. Nitaweka la mama."

"Naamini mikono yako," nikamwambia, na niliamini kweli.

Kisha ikawa kimya. Nikiomba picha ya hati, haijatoka. Nikiomba tena, mtandao wa ardhi umekwama. Nikiomba mara ya tatu, yuko safarini, atanipigia. Mtu aliyenitumia picha ya kila tofali sasa alishindwa kunitumia picha ya karatasi moja.

Nikatafuta namba ya mtendaji wa mtaa. Nilimpigia saa kumi na mbili asubuhi nikiwa nimeegesha gari hospitalini kabla ya zamu. Kwao ilikuwa mchana, ofisi iko wazi. Alikuwa mtu mstaarabu. Aliniamkia, akauliza habari za Marekani, akanipa pole ya kazi. Nikamwomba aniangalie hati ya nyumba ile imeandikwa jina gani. Nilisikia makaratasi. Akanitajia jina la mdogo wangu, majina yote matatu.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa iandikwe jina la mama."

"Kulikuwa na kikao cha familia, dada. Muhtasari ninao hapa. Mama mwenyewe alihudhuria, ametia dole gumba."

"Mama yangu hajui kusoma."

"Ndiyo maana akatia dole."

"Na mimi? Karatasi ya kununulia kiwanja ina jina langu. Uliza majirani wote."

Akasema kwa adabu ambayo nilitamani angeiacha, "Dada, sisi ofisini hatuna ugomvi na wewe. Tuliuliza kuhusu jina lako, tukaletewa ushahidi kwamba wewe si raia tena. Ngoja nikusikilizishe."

Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Inatoka kwenye simu, inaingia kwenye simu, inavuka bahari, inanifikia ndani ya gari langu Houston, polepole, kama mwalimu. Ninaachana kabisa. Ninaukana. Kwa hiari yangu bila kushurutishwa. Mtendaji hakuikatiza. Akaiacha mpaka mwisho, mpaka kwenye "nimeshaivua", mpaka kwenye kicheko.

"Ni wewe, dada?"

"Ni mimi."

Niliingia kazini. Sijui nilivyofanya kazi siku ile. Namkumbuka tu mgonjwa mmoja aliyeniuliza kwa nini leo siimbi.

Jioni, kwao usiku wa manane, nikampigia mdogo wangu, na safari hii akapokea, nadhani mtendaji alishamwambia. Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika. Nilimwita majina ambayo mama yetu angenichapa kwa kuyasema. Alinisubiri nichoke.

"Dada, ningefanyaje? Sheria ndiyo hiyo. Asiye raia hamiliki ardhi. Ningeacha jina lako, ingekuja kuchukuliwa na serikali. Nimeiokoa."

"Ungeandika la mama, kama tulivyokubaliana."

"Mama ni mzee. Akiondoka inakuwa mirathi, tunaanza kusumbuana na mashangazi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Dada, tusigombane." Nikamkatia simu, na tangu siku hiyo hatujazungumza.

Alinizunguka. Kiswahili kina neno hilo na sioni haja ya kutafuta lingine. Mtoto niliyembeba mgongoni alichukua furaha yangu kubwa kuliko zote, siku ambayo nilijiona mtu, akaipeleka ofisini kama kielelezo. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa wiki kadhaa. Sikuilaumu Marekani, kwa sababu Marekani haikunificha kitu. Maneno ilinipa kwenye bahasha, kwa herufi kubwa, nikayasoma mwenyewe. Nilizilaumu nchi niliyozaliwa na damu niliyozaliwa nayo. Nchi yangu ilinipa sifuri nikiwa binti wa miaka kumi na saba, na sasa nilipokwenda kuchukua cheti kwingine ikanipa sifuri ya pili.

Wiki hizo ulikuwa msimu wa kura. Texas hata majaji wanapigiwa kura, orodha ni ndefu mpaka mguu unakufa ganzi. Nilisimama kwenye mstari wa maktaba ya Sugar Land, nikachagua jaji huyu na jaji yule, watu nisiowajua hata kwa sura, na muda wote nilikuwa nafikiri kwamba hapa naaminiwa kuchagua hakimu, na kule siaminiwi hata kwa mlango niliougharimia mwenyewe. Wakanipa kibandiko cha kuonyesha nimepiga kura. Miaka mingine ningekituma kwenye kundi la familia. Nilikibandika kwenye dashibodi ya gari, jua likakikunja.

Watu wa Houston walinipa ushauri mwingi, kila mmoja na binamu yake aliye wizarani. Kuna habari ya hadhi maalumu kwa sisi tuliochukua uraia wa nje, wanaijadili kila tukikutana, na labda itatufaa mbele ya safari, ila haifuti jina lililokwisha andikwa. Rafiki yangu Mkenya hakuniambia kwamba alinionya. Aliniambia tu, "Tafuta lawyer. Ku-cry uta-cry baadaye."

Nikapata mwanasheria wa Morogoro, mwanamke, anayezungumza haraka na kwa uwazi. Alisoma kila nilichomtumia. Akasema nyumba kuwa yangu kwa jina haiwezekani, lakini hati inaweza kubatilishwa ikaandikwa jina la mama, na mama akaandika wosia au makubaliano ya kunilinda niishi pale mpaka mwisho wangu. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka. Sikuhitaji kuuza wala kupangisha. Nilitaka nikistaafu, mgongo ukishakataa kuinua wagonjwa, nirudi nizeekee kwenye nyumba ile, na mama akiwa bado yupo nimhudumie kwa mikono niliyojifunzia kwa wazazi wa watu wengine.

"Kesi yako yote ni mama," alisema. "Akitamka kwamba hakuelewa alichokuwa anatia dole, tuna pa kuanzia, na nadhani tunashinda. Asipotamka, dada, nitakuwa nakupotezea muda."

Mama sikuwa nimezungumza naye habari hizo. Nilikuwa namhurumia. Nilimwona kichwani mwangu, ameketishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya kikao, mtu anamshika kidole anakichovya kwenye wino, naye anatabasamu kwa heshima bila kujua. Nililia kwa ajili ya picha hiyo kuliko kwa ajili ya nyumba.

Nilimpigia Jumapili saa nne asubuhi, kwao jioni. Nilikuwa nimesimama jikoni, chai mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Mbona umeadimika?"

"Kazi, mama. Mama, nataka kukuuliza. Siku ile ya kikao, walikusomea ile karatasi?"

"Walinisomea."

"Yote? Au walikwambia tu weka dole hapa?"

"Yote. Nikamwambia mtendaji arudie, akarudia."

"Labda hukuielewa, mama. Ni lugha ya ofisi ile. Kama hukuielewa sema tu, si kosa lako, hakuna atakayekulaumu."

Akacheka kidogo, wala hakikuwa kicheko kibaya. "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Kusikia nasikia."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Mdogo wangu alikwambia nini mpaka ukakubali?"

"Usimseme mdogo wako. Amenyamaza kwa ajili yangu, nimeona mnagombana na yeye ananyamaza tu. Alitaka kuandika jina langu. Mimi ndiye niliyemwambia aandike la kwake."

"Na ile sauti? Nani aliipeleka ofisini?"

"Mtendaji aliuliza ushahidi. Nikampa simu yangu. Ninayo siku zote ile, huwa naisikiliza."

Sikuwa na sauti. Mimi, ninayesikika mpaka kwenye maegesho.

"Mama," nikasema hatimaye, "ulipiga vigelegele."

"Ulikuwa unafurahi. Ulitaka nilie?"

"Lakini ile nyumba nimeijenga nije nizeekee hapo. Karibu na wewe."

"Ungeniambia hivyo siku ile. Siku ile uliniambia umeivua Tanzania."

"Ulikuwa utani, mama."

"Ulicheka, ndiyo. Nilikusikia ukicheka." Nikamsikia akiweka kitu chini, sufuria au kikombe. "Hata sikukasirika. Nilisema, huyu kapata kwake. Na huyu mwingine ndiye anayeniamsha asubuhi, ndiye atakayenizika. Naye awe na kwake."

Chai ilikuwa imepoa. Nje jirani alikuwa anakata majani yake kwa mashine, na nilisubiri apite upande wa pili ndipo niweze kuuliza, maana nilijua sitaweza kuuliza mara mbili.

"Na mimi nikija, mama, nitalala wapi?"

"Chumba cha wageni kipo," akasema, kwa upole kabisa, kwa sauti ile ile aliyonibembelezea nilipokuwa na homa. "Kina kitanda kizuri na neti mpya. Wewe niambie tu mapema, nikitandike."

Nikamwambia nitamwambia mapema.